Fundi Aliyesukuma Ukuta

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi zoezi lake pekee lilikuwa kukanyaga cherehani. Kitambi kilimtangulia kwenye kila mlango. Dada yangu, mkewe, alikuwa akimtania kwamba anavalisha mtaa mzima lakini shati lake mwenyewe halifungi.

Kisha dada akapooza upande mmoja. Siku fundi alipojaribu kumtoa kitandani amweke kitini, walianguka wote wawili. Binti yao, mwalimu katika mji wa mbali, alisema wazi kwamba kama baba hawezi kumwinua mama, atamchukua akakae kwake. Fundi hakubisha. Alimwomba tu angoje hadi shule zifungwe.

Akaanza mazoezi kwa pupa. Asubuhi ya kwanza alikimbia hadi barabara kuu, akarudi akichechemea, mkono kiunoni. Nilimcheka, Mungu anisamehe. Muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha dada viungo akamwambia haraka haraka haina baraka: atembee tu kwa kukaza mwendo, asukume ukuta kwa mikono miwili, aketi na kuinuka kwenye stuli bila kujishika. Akayashika hayo matatu, hakuyaacha. Wateja waliomkuta ameegemea ukuta wa duka akiusukuma walimuuliza kama nyumba inaanguka.

Kila baada ya siku chache alijaribu kumwinua dada kidogo, na kila mara ilikuwa rahisi zaidi. Alifurahi mno. Jioni alimrekebishia magauni, maana yalikuwa yanampwaya. Aliyabana ubavuni, akayabana tena, akisema kitambaa cha siku hizi kinatanuka kikifuliwa. Fundi wa miaka yote hiyo, na akaamini maneno yake mwenyewe.

Shule zilipofungwa binti akaja. Fundi akainama, akamkumbatia mkewe, akamwinua bila hata kuhema, akasimama naye katikati ya chumba. Binti alipiga makofi huku akilia. Fundi hakucheka. Mkono wake ulikuwa ubavuni mwa dada, juu ya mshono alioubana mwenyewe, nikaona vidole vikiufuata polepole.

"Nilidhani nguvu ni zangu," alisema. "Kumbe ni yeye anayeisha."

Makofi yakakatika. Iliniuma, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikimwogesha dada yangu na sikutaka kuona.

Dada akasema kwa ulimi wake mzito, "Usiniweke chini."

Fundi akazunguka naye chumba kizima, taratibu, hadi dirishani, akamwonyesha barabara anayotembea kila asubuhi. Binti aliondoka bila mama yake.

Dada alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya kumzika, fundi alishika jeneza upande wa mbele. Njiani watu walitaka kumpokea, kama ilivyo kwa mtu wa umri wake, akakataa. Aliwaambia bado ana nguvu.