Mtoki wa Bi Mwanamkasi

Idarusi, dresa aliyetibu vidonda kwenye zahanati ya shamba la mkonge karibu na Kigombe, alikuwa mtu mpole mpaka utajwe mtoki. Ukimtajia lile donge linalovimba kinenani, alikunja uso kama aliyelamba shubiri. Miaka yote aliwaambia watu wasiukande, na miaka yote walitoka kwake moja kwa moja kwenda kukandwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Na mkandaji mwenyewe, aliyesifika mpaka Ngamiani mjini, alikuwa mama yake mzazi, Bi Mwanamkasi.

Mwaka wa hamsini na tatu alimkuta mama huyo amelala kwa homa, anajikanda kinena chake mwenyewe. Alipomwomba aache, alijibiwa kwamba mitoki ilikuwa ikiyeyushwa katika nyumba hiyo kabla yeye hajaota meno. Alipotaka kuuona mguu, maana mtoki hutokana na kidonda cha mguuni, mama aliufunika kwa kanga. Akaomba tena, akaambiwa hana adabu. Idarusi alichoka kabisa. Kuwabembeleza wakata mkonge mia kulikuwa rahisi kuliko kumbembeleza mwanamke huyu mmoja, na huyu akifa hana mwingine.

Akaketi mkekani. "Mama, ndani ya damu mna chembe nyeupe. Nimeziona kwa hadubini. Kijidudu kikiingia mwilini, hukizingira, hukimeza kizima, hukiyeyusha tumboni mwao. Hapo kinenani ndipo zinapovikamata vilivyoponyoka. Pamevimba kwa sababu zinapigana, nawe unazivuruga."

"Na zikishashiba?"

"Nyingi hufa. Usaha umejaa maiti zao."

Mkono wa mama uliacha kukanda. Akakiri kwamba alikatwa na tumbawe akichokoa pweza, akanyamaza kwa kuwa mwanawe angemkataza kwenda mwambani. Kisha akafunua kanga. Unyayo ulikuwa umevimba, na mstari mwekundu umepanda hadi gotini. Idarusi alitaka kumgombeza, akaahirisha. Aliosha jeraha, akatoa kipande cha tumbawe, akamdunga penisilini.

Bi Mwanamkasi alipona. Siku moja Idarusi alifika kumwamkia, akamkuta barazani akimkatalia jirani yao Chiku, aliyekuja na mtoki wake ukandwe.

"Haukandwi, mwanangu. Leta mguu niuone kwanza. Hili nimemwambia Idarusi tangu zamani, lakini yule hasikii."

Idarusi akasema shikamoo, akaenda kuchemsha sindano.