Cherehani ya Wifi

Mama Pindo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa fundi wa kushona asiyevumilia pindo lililokwenda upande. Sketi ikipinda hata kwa upana wa ukucha, aliifumua na kuanza upya, mteja apende asipende. Kibanda chake cha mabati kilibanana na cha kinyozi, na ndani kulikuwa na cherehani, pasi ya mkaa na kioo ambacho kila aliyejitazama alijiona mwembamba. Alikuwa na mkono safi na ulimi mkali, na vyote viwili alivionea fahari.

Ulimi huo ndio uliomfanya asikilizwe kwenye kikundi cha mikopo. Shirika lililowakopesha halikushughulika na mwanamke mmoja mmoja, maana wanawake wa mtaa ule hawakuwa na hati ya nyumba wala kiwanja cha kuweka rehani. Lilitaka watano wanaojuana, wakae pamoja na kudhaminiana. Mmoja akishindwa kuleta rejesho la wiki, wenzake wanamchangia palepale, na mkutano haufungwi mpaka hesabu itimie. Kisha wanamfuata nyumbani wachukue kitu cha thamani wakiuze, warudishe chao. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, hakuwa na haja ya kumpandishia mtu sauti. Kazi ya kutishana waliifanya wenyewe, naye akaondoka na mkoba wake akiwashukuru.

Na hakuna aliyeifanya kwa bidii kama Mama Pindo. Muuza matunda aliposhindwa, yeye ndiye aliyetangulia kuingia chumbani na kukunja godoro, watoto wa mwenzake wamesimama ukutani wanamtazama. Mwenyekiti wao, muuza samaki mwenye roho nyepesi, alitaka kumpa mwenzao wiki moja zaidi. Mama Pindo akasema mkopo si sadaka, na aliyeona aibu kunyang'anywa angeona aibu kwanza kula pesa za watu. Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe, akayarudia kibandani kwa kinyozi siku mbili tatu.

Baadaye shule ya jirani ikamwahidi kazi ya kushona sare, na ili anunue vitambaa alihitaji mkopo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuchukua. Kwa mkopo wa kiasi kile, shirika lilitaka fundi awe na cherehani mbili. Mama Pindo aliwahi kuwa nazo mbili, lakini moja alishaiuza kimyakimya kodi ya nyumba ilipomzidi. Kikundini hakulisema jambo hilo. Yeye, aliyekuwa akibeba magodoro ya watu, angeanzaje kusema kwamba naye anauza vyombo?

Akaenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyeshona nguo za watoto chumbani kwake na kulea wanawe kwa kazi hiyohiyo. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, juu ya meza ya mbao yenye alama nyeusi ya pasi karibu na droo. Mama Pindo akamwomba amwazime kwa asubuhi moja tu, kuna wageni wanakuja kutazama kazi. Wifi mtu hakuuliza wageni gani. Alimwambia aichukue, ila jioni iwe imerudi, kwa sababu alikuwa na kola za kumalizia.

Siku ya ukaguzi afisa mikopo alikuja na wanakikundi wote, maana utaratibu ulitaka wadhamini waone dhamana kwa macho yao. Wakamkuta Mama Pindo ameketi katikati ya cherehani mbili, kitambaa kipya kichwani. Kijana akauliza kama zote ni zake.

"Sasa ziwe za nani, baba?" akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Mkopo ukatoka. Vitambaa vikanunuliwa, robota zima la rangi ya damu ya mzee, na ndipo shule ikabadilisha rangi ya sare. Mwalimu mkuu alimweleza kwa upole kwamba uamuzi umetoka kwa kamati, akampa na pole. Pole haikatwi ikawa rejesho. Wiki za mwanzo Mama Pindo alijikaza, akakopa kwa kinyozi, akashona foronya za rangi ile na kuzitembeza hata kwa watu wasiokuwa na mito. Mwisho maji yakamfika shingoni, akaenda kikundini mikono mitupu.

Wenzake wakamchangia bila kumtolea neno baya, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Kesho yake wakaja kibandani. Walisema hawataki kumkata riziki, moja watamwachia afanyie kazi, wao watachukua ile nyingine. Mwenyekiti akauliza iko wapi.

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa fupi tu, kwamba ile haikuwa yake. Lakini kulisema ni kuwaambia wanawake wale kwamba aliwadanganya machoni pao, akawafanya wadhamini kitu kisichokuwapo, yeye na ulimi wake wa kanuni. Akasema iko mahali. Muuza matunda, ambaye alizunguka na beseni lake nyumba kwa nyumba, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ameiona kwa wifi yake, ile yenye alama ya pasi. Hakusema kwa kulipiza. Hata hakumtazama. Wote wakaelewa kwamba Mama Pindo ameficha mali kwa ndugu ili asinyang'anywe, na yeye hakukanusha, maana uongo huo ulikuwa na nafuu kidogo kuliko ukweli.

Wakaongozana. Njia nzima alijiambia kwamba wakifika atasema, na alijiambia hivyo hata walipokuwa wanapiga hodi.

Wifi yake alikuwa kazini, mguu kwenye pedali, shati la mtoto limelala chini ya sindano. Aliwakaribisha, akatafuta pa kuwakalisha, lakini hawakukaa. Mwenyekiti akazungumza kwa adabu.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Tumeambiwa cherehani hii ni ya wifi yako. Ni kweli?"

Wifi mtu alimgeukia Mama Pindo, akamtazama, akasubiri. Wote walisubiri. Mama Pindo alitazama sakafu, vipande vya nyuzi vilivyotapakaa pale, na ulimi ule ambao mtaa mzima uliuogopa ukalala kinywani kama si wake. Aliona haya kwa uongo wake, na zaidi kwa kuwa hata wakati ule alikuwa akiomba moyoni mwenzake amwokoe.

Wifi akanyanyua sindano. Akalitoa shati, akakata uzi kwa meno, akalikunja na kuliweka kitandani.

"Ni yake," akasema. "Chukueni."

Cherehani ilikuwa nzito. Mwenyekiti alimwambia Mama Pindo ashike upande mmoja, kwa kuwa mali ni yake naye anajua pa kushika, naye akashika. Waliipitisha mlangoni kwa ubavu, watoto wa wifi yake wakiwa wamejibanza nje wakitazama. Mmoja alimwamkia mke wa mjomba wake, kama alivyofundishwa. Mama Pindo hakukumbuka baadaye kama aliitikia.

Iliuzwa upesi, ikapunguza sehemu kubwa ya deni. Mumewe, mlinzi wa ghala asiyejua lolote, alirudi siku moja akisema dada yake ameacha kushona, anadai cherehani imeharibika, na kwamba atajitahidi amtafutie fundi. Mama Pindo akampakulia chakula. Mume akamwambia yeye ndiye mwenye ujuzi wa mashine, kwa nini asiende kuitazama? Akasema ataenda. Hakwenda, na kila alipotaka kupita mtaa ule alizunguka na njia ya nyuma, mtu mzima na akili zake.

Wifi ndiye aliyemfuata. Alitokea kibandani asubuhi na furushi la nguo zilizokatwa tayari, akasalimia kama kawaida, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mama Pindo alianza kuomba msamaha, akachanganya maneno, akasema hatasahau namna alivyofichiwa aibu, na kwamba ndugu wa kweli huonekana siku kama ile.

"Sikukufichia wewe," wifi akamkatiza, bila ukali. "Nimemfichia kaka yangu. Yeye mtaani bado ana jina."

Kisha akasema shida yake. Wateja wake walishamlipa nusu ya bei ya nguo zile, nao wanazidai. Anataka kutumia cherehani ya pale kila asubuhi, na atalipa kwa siku.

Mama Pindo akaruka kama ameguswa na pasi. Alimsihi atumie bure, mwaka mzima, apewe na ufunguo. Wifi alikuwa ameshafungua pindo la kanga na kutoa pesa, akaziweka mezani, karibu na mkasi.

"Ukinipa bure utajiona umeshanilipa," akasema. "Zichukue, wifi."

Akaketi kwenye cherehani, akatunga uzi na kuanza kushona. Alishona vizuri, mapindo yamenyooka. Mama Pindo alisimama pembeni ya meza yake mwenyewe bila pa kuweka mikono, na pesa zile zikakaa pale mpaka mchana, hakuna aliyezigusa. Akaapa moyoni kwamba hazitaingia mfukoni mwake. Lakini jioni ile ilikuwa jioni ya kikundi, na rejesho la wiki lilipungua kwa kiasi kilekile. Alingoja wifi yake ajitwishe furushi na kuondoka, akachungulia nje kama mwizi, ndipo akazichukua.