Mama Rufaa na Kesi ya Mdogo Wake

Mawakili wenzake walimwita Mama Rufaa, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kesi za biashara zilizoanguka mahakama za chini ndizo zilizomlisha. Mashahidi hakuwataka: walilia, walisahau, walidanganya, na chai yake wakainywa. Yeye alitaka jalada tu. Alilisoma kavua viatu, miguu juu ya kiti, mpaka apaone pale hakimu alipoteleza, kisha akapanda kwa majaji watatu na kusema nao taratibu kama anayembembeleza mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Basi yeye alikuwa fundi wa kuta, na kujivuna alijivuna.

Siku moja mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja, akamjia ofisini. Alipokuwa hospitali akimuuguza mkewe, mbia wake aliuza mashine za kiwanda chao kidogo cha sabuni, kisha akaapa kwamba walikubaliana, tena kwamba mwenzake alisimama palepale zikipakiwa. Bila mashine zile hakuwa na kitu kingine duniani.

Dada mtu akatabasamu. Akamwambia yeye hashiki kesi changa. Atafute wakili yeyote, na akishindwa ndipo amletee. Alisema kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo panapouma.

Mdogo mtu akatii. Wakili aliyempata alikuwa mpole na mvivu. Dereva aliyezibeba mashine, aliyejua fika kwamba mdogo mtu hakuwepo siku ile, hakuitwa kutoa ushahidi. Kesi ikaanguka.

Sasa Mama Rufaa akaomba dereva asikilizwe huko juu. Majaji wakauliza kama shahidi huyo alijulikana tangu mwanzo. Alijulikana. Mbona hakuitwa? Kanuni hiyo aliijua kuliko wote mle ndani, maana mwenyewe aliwapiga nayo wengi: ushahidi uliokuwepo usipoletwa chini, juu hauletwi. Kwenye benchi la nyuma dereva alikuwa amekaa na shati lake lililopigwa pasi, akingoja kuitwa. Hakuitwa, na rufaa ikatupwa.

Kwenye korido mdogo wake ndiye aliyembembeleza. Akamweleza kwamba aliyenunua mashine amempa kibarua cha kuziendesha, kwa kuwa zinamsumbua. Mama Rufaa akaanza kulia hadharani, joho mwilini, akaomba radhi, akasema angejua angeishika kesi tangu siku ya kwanza.

"Dada," akamwambia, "siku ile sikuja kutafuta wakili wa rufaa. Nilikuja kwa dada yangu."

Hakusema kwa hasira. Akambebea mafaili mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango, kisha yeye na dereva wakaondoka kwa miguu.