Mzee wa Kwenye Jalada

Simu ilimkuta Dada kwenye cherehani, katikati ya mshono wa sare ya shule. Aliibana kwa bega, mikono ikiwa bado kwenye kitambaa. Muuguzi wa chumba cha kusafishia damu alisema pole mara mbili kabla ya kusema jambo lenyewe: mdogo wake alikuwa ameaga dunia saa tatu na nusu asubuhi, mashine ikiwa bado inazunguka. Dada alishukuru, akashona hadi mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno. Ndipo alipoiweka simu mezani. Alikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akasema, "Ee Mungu, huyu bado alikuwa na kazi."

Mtaani walimwita marehemu Miwani. Alikuwa na kijiduka cha fotokopi jirani na kituo cha afya: picha za pasipoti, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na vijitabu vya mazishi. Hivyo vijitabu ndivyo vilivyomlisha, na ndivyo vilivyomkera. Kila familia ilitaka jalada lile lile, mawingu meusi na mshumaa. "Nimewasha mishumaa elfu, Dada," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja ulioniangazia."

Wateja wakipungua, alichomeka kibao cha kuchorea kwenye kompyuta, akashika kalamu isiyo na wino na kuchora mtaa ule ule miaka arobaini mbele. Mtaro ulipitisha maji safi, watoto wametumbukiza miguu. Kila paa lilivuna umeme wa jua. Kwenye kituo cha afya, mashine za kusafishia damu zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la vioo, vitu vya kale vya kuonyeshwa wanafunzi. Na watu walikuwa wale wale wa mtaani, kwani hakumchora mtu asiyemjua. Aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliombwa ruhusa, kisha akazeeshwa: mvi, mgongo ulioinama kidogo, meno ya kuhesabu, uhai tele. Wagonjwa aliwazeesha kuliko wote.

"Miwani, hiki kitambi umekitoa wapi?" fundi viatu aliwaka siku moja.

"Umekitafuta mwenyewe miaka arobaini, kaka. Mimi nimekichora tu."

Wapo waliomwambia anajidanganya, dunia inaoza, vita kila kona, halafu yeye na bustani zake. Hapo hakuwa na upole. "Wanaochora dunia ikiteketea wamejaa tele," alijibu. "Mimi nachora Jumatatu inayofuata, watu wanaamka kwenda kazini." Alichora hata siku za kusafishwa damu, mkono wa kushoto kwenye mirija, wa kulia kwenye kibao.

Siku ya pili ya msiba, ndugu walikaa sebuleni kupanga mazishi. Dada alileta picha aliyoikuta kwenye kompyuta ya dukani, ya mwisho kuchorwa: benchi nje ya kituo cha afya, na mzee mwenye ndevu nyeupe akicheka na wajukuu. Akasema hiyo ndiyo itakayokuwa jalada la kijitabu.

Baba Mdogo, aliyeongoza kikao, aliiinua kwenye mwanga. "Nzuri. Lakini mbona umemweka marehemu baba yenu?"

"Siye baba."

"Basi nani? Tunazika kijana wa miaka thelathini na sita, mwanangu. Watu watadhani tumebadilishiwa maiti."

"Tazama mkono wa kushoto, Baba Mdogo."

Chini ya kiwiko cha yule mzee palikuwa na uvimbe na makovu ya sindano za kusafishia damu, yamefifia kwa miaka. Mama yao aliivuta karatasi, akaweka kidole pale, akaanza kulia upya.

Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuchekwa, na zaidi aliogopa kukufuru. "Mungu amesema thelathini na sita," alisema taratibu. "Sisi tunachapa sabini na sita. Huko si kubishana naye?"

"Sibishani na Mungu, nabishana na mshumaa. Mkono wa kuchora kapewa na nani? Uzee huu aliuomba kila siku kwa kalamu, akaukosa. Sasa nimnyang'anye hata picha yake?"

"Mimi nimesema hapana."

"Nimekusikia, Baba Mdogo."

Asubuhi yake mwanamke aliyefanya kazi na Miwani dukani alimpigia Dada simu: Baba Mdogo ameagiza nakala mia mbili, za mshumaa. Dada alifunika cherehani, akaenda, akavuta kiti mbele ya mashine ya kuchapa.

"Chapa hii."

"Mzee wenu atanila mbichi!"

"Aanze na mimi, nina nyama zaidi."

Zilipofika mia na arobaini, wino wa njano uliisha, na miti ikaanza kutoka ya bluu. Hakutupa hata moja. Nakala ya kwanza alimpelekea Baba Mdogo mwenyewe, kwa mikono miwili. "Nigombeze," alimwambia, "ila baada ya mazishi." Mzee aliigeuza mbele na nyuma, akakohoa. "Mwaka wa kuzaliwa uko sawa?"

"Uko sawa."

"Haya."

Miwani alizikwa Alhamisi, saa nane mchana. Mgeni mmoja alimnong'oneza Dada, "Kumbe marehemu alikuwa mtu mzima hivi?" Akamjibu, "Hapana. Huo ndio uzee aliokusudia." Watu sita walibeba jeneza, fundi viatu akiwa mbele. Mchungaji alisoma somo la ufufuo, akaomba. Mama alitupa konzi ya kwanza ya udongo, akafuata Dada, kisha Baba Mdogo, vijitabu vikiwa mikononi mwao. Waliimba wimbo mmoja, wakaurudia, kwa sababu kaburi lilikuwa halijajaa. Mashada yakawekwa, sala ya mwisho ikasemwa, watu wakapeana mikono, wakarudi nyumbani.