Picha ya Baba na Mama Iliyotoka Giza

Daftari langu la mwaka ule lina ukurasa nilioandika juu yake: Nani aliharibu picha. Chini kuna watu wanne. Wa nne ni mimi, kwa maandishi madogo kuliko ya wengine. Nikiusoma naona haya, lakini siuchani, maana ndivyo nilivyofikiri.

Picha zilikuwa za ngurario ya mdogo wangu, nyumbani kwa wazazi wetu Uthiru, siku ambayo bwana harusi hukata bega la mbuzi mbele ya wazee. Kamera nilipewa mimi. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, turubai za hema zikashushwa pande zote, na saa nane mchana ndani kukawa kama magharibi. Sikujali. Kamera ilikuwa na flashi yake palepale juu ya lenzi, na iliwaka kila nilipobonyeza.

Baba na mama waliketi mbele pamoja. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, na hawakuwa na picha hata moja ya wao wawili. Baba alikuwa na ya kitambulisho. Mama alikuwa na moja ya akina mama wa kanisa, uso wake umefichwa nusu na kofia ya mwenzake. "Leo utupige pamoja," aliniambia, huku akininyoosha kola utadhani mimi ndiye wa kupigwa.

Ziliporudi kutoka kuoshwa, baba na mama walikuwa giza. Shati la baba lilionekana kwa mbali, na meno ya mtu. Basi.

Nilianza na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kamera ilikuwa yake, ameachiwa na tajiri wake wa Spring Valley alipohama. Nilikuwa nimempa betri mbili mpya aweke. Sasa redio yake, iliyokuwa imenyamaza wiki nzima, ikaanza kuimba siku ileile. Nisimwonee: sikumwona akizibadilisha. Lakini redio niliisikia.

Wa pili alikuwa fundi wa kuosha picha, mjini upande wa River Road, kwa sababu nilisikia wengine hutumia dawa iliyochoka. Wa tatu shangazi, dada mkubwa wa baba. Yeye ndiye aliyenishikia kamera kwenye mkoba wake tulipokuwa tukila, na ndiye aliyenivuta gauni nilipoanza kupiga picha pale mbele. "Wewe, unawasimamia wazee kichwani!" Nikarudi nyuma kabisa, nikapigia huko.

Nilimwendea fundi bila salamu. "Umeniharibia wazazi."

"Pole, mathe, lakini si mimi. Kuja uone." Aliinua ule ukanda wa filamu dirishani. "Hapa kuko wazi kama glasi. Kwa filamu nyeupe hutoka nyeusi, kwa hivyo ikiwa wazi hivi, jua mwanga haukufika. Sasa cheki za mwisho."

Za mwisho zilikuwa za keki, iliyokatwa sebuleni tukiwa tumebanana hata kiwiko hakigeuki. Zote zilikuwa safi.

"Dawa yangu ingekuwa mbaya, hizi zingetoka? Na betri ingekuwa imekwisha, si ingekuwa imekwisha huku mwisho? Ulisimama wapi ukipiga wazee?"

"Nyuma. Karibu na masufuria."

"Masufuria!" Alicheka mpaka mwenzake akageuka. "Hii flashi ndogo mwisho wake ni mita tatu hivi, mathe. Ulimulikia sufuria."

"Lakini nilivuta lenzi. Walikuja karibu kabisa kwenye kioo."

"Ukivuta, flashi haiendi na wewe. Tena lenzi kama hii ukiivuta inapunguza mwanga. Unajiharibia mara mbili."

Niliondoka nikiwa sijaamini. Mtu uliyemlaumu hawezi kukosa mwingine wa kulaumu, na mimi nilikuwa karibu.

Jumapili nilimkalisha shemeji kwenye stuli katika korido ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kabiria, ambayo ni giza hata mchana. Mimi ni fundi wa kushona, na utepe wangu wa kupimia ni mita moja na nusu. Nikampiga kwa umbali wa utepe mara mbili, mara nne, mara sita, kila mara akishika karatasi yenye namba. Betri niliziweka kwa mkono wangu.

"Kwani nimekamatwa?" aliuliza.

"Tulia."

"Hata huko kituoni mtu huambiwa kosa lake, shemeji."

Nikabonyeza. Na filamu ile niliipeleka kwa fundi mwingine, makusudi, nione kama atasema lingine. Picha ndizo zilizosema. Namba moja, hata vifungo vya shati unavihesabu. Namba mbili, mtu wa saa za magharibi, jua likizama. Namba tatu, karatasi inaelea gizani peke yake.

Watu watatu niliwapiga mstari kwenye daftari, chini yao nikajiandika mimi. Kisha nikamwendea shemeji nikakiri.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unasimama mlangoni kusikiliza redio. Ni waya tu niliufunga."

"Mbona hukusema?"

"Ungeamini?"



Miezi miwili baadaye wazazi walikubali ndoa yao ibarikiwe kanisani, ili mama ashiriki meza ya Bwana kama alivyotamani siku zote. Niliona nafasi kama hiyo haitarudi. Ijumaa nilikwenda kanisani na utepe, nikapima urefu wake mara mbili kutoka watakaposimama, nikaweka alama sakafuni kwa chaki yangu ya kushonea. Ilikuwa mbele kabisa ya benchi la shangazi.

Siku yenyewe alama haikuwepo. Nilimtazama shangazi, na tayari nilikuwa nimemhukumu. Halafu nikaona sakafu bado ina maji ya kupigwa deki.

Nikatoka tu mbele, nikakadiria kwa jicho.

"Wewe! Wazee kichwani tena?" shangazi alininong'oneza kwa ukali.

Niliinama sikioni mwake. "Nisamehe, shangazi. Nikirudi nyuma watakuwa giza."

Akavuta miguu yake chini ya benchi. Sikuvuta lenzi. Nikabonyeza mara mbili.

Filamu niliirudisha kwa fundi wa River Road. Nilikuwa na deni la salamu kwake. Aliponipa bahasha sikuifungua. "Nionyeshe kwanza pale dirishani."

Akainua ukanda. Gauni jeupe la mama lilikuwa jeusi kama mkaa. Kando yake alisimama baba, bega kwa bega, mvi zake zote nyeusi tititi kama za kijana anayeoa. Nikawahesabu: wawili. Nikawahesabu tena, mpaka fundi akaniuliza kama bahasha naichukua au naiacha.