Ukurasa wa Saa Tatu, Kanyangi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Makindu, Mkuu wa Kituo hakunikaribisha ofisini. Alinisimamisha uwanjani akaniambia nitazame juu.

"Mawingu ni mengi kiasi gani?"

"Kama nusu hivi, bwana."

"Hapa hatuna kama. Gawanya anga mafungu manane, halafu hesabu yaliyofunikwa."

Nikahesabu, nikasema matatu. Akaniambia nihesabu tena. Yakawa matatu tena, ndipo akanipa kalamu.

Jina langu ni Ndinda, mwenyeji wa Matiliku, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpima hali ya hewa. Nyinyi siku hizi mnafungua simu na kusoma kwamba kutakuwa na jua. Wakati wetu mtu alitoka nje kila saa, anyeshewe au aungue, akasoma vyombo kwa macho yake. Kulikuwa na kisanduku cheupe juu ya miguu minne, pande zake za mbao zilizopangwa kwa mapengo ili hewa ipite. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivishwa utambi uliolowa maji. Maji yanapokauka hupoza, kwa hiyo chenye utambi husoma chini ya mwenzake, au sawa naye siku ya ukungu mzito. Hakisomi juu yake. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo hutuambia hewa ina unyevu kiasi gani.

Kila tulichosoma kiliingia kwenye daftari la vipimo. Mkuu wa Kituo alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi juu yake, tia herufi za jina lako. Kufuta hakukuwepo. Kijana mwenzangu aliwahi kutumia wembe kukwangua tarakimu, na Mkuu akamfanya aandike barua kwa makao makuu kueleza alichofanya. Nilidhani ni ukali wa mzee tu.

Kutoka Makindu nilihamishiwa Kitui, kisha nikarudishwa kwetu Matiliku kusimamia wasoma mvua wa kujitolea. Hawa walikuwa wakulima na walimu waliopewa kipimamvua, kopo la shaba linalochimbiwa ardhini, wakaandika kila asubuhi kilichoingia. Bora kuliko wote alikuwa Mama Syombua, mkulima wa machungwa na mbaazi. Kiangazi kilipokuwa kirefu, wengine waliacha nafasi tupu, yeye akaandika sifuri kila siku, sifuri zilizonyooka kama mishono ya cherehani. Nilipomsifu alishangaa, akaniita mama kwa Kikamba.

"Si ndivyo ilivyokuwa, mwaitu? Mvua isiponyesha nayo si ni habari?"

Binti yake Mwende alisomea urubani. Aliporudi nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na sare, kanisa zima lilisimama kumpigia makofi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kanyangi, na huko mimi ndiye nilikuwa Mkuu. Kilikuwa kituo kidogo, uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya na nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya kiangazi, siku ya soko. Saa tatu kamili niliandika: mawingu, fungu moja, mepesi na ya juu sana. Upepo mdogo wa kusini-mashariki. Vilima vya mbali vinaonekana hadi miti yake. Mvua, sifuri.

Nilikuwa nimetoka tena kukaza waya wa ua uliolegea niliposikia mshindo. Upande wa mashariki mstari mweupe wa moshi ulitoka ardhini ukapanda umenyooka. Ulikoishia palikuwa na ndege ya abiria, zile ndogo zenye rafadha mbili, ikielekea Nairobi. Mshindo wa pili ulitoka huko juu. Ndege iliinama, ikaanza kushuka kuelekea soko lililokuwa limejaa watu. Halafu ikageuka. Iligeuka taratibu, bawa moja likitoa moshi, ikaliacha soko na shule, ikaenda kuanguka vichakani ng'ambo ya mto mkavu. Nilitazama saa, nikaingia ndani, nikayaandika yote kwenye safu ya maelezo. Chini nikatia sahihi yangu.

Hakuna aliyetoka hai. Rubani alikuwa Mwende.

Alasiri hiyohiyo msemaji mmoja wa serikali alikuwa redioni. Alisema ndege imeangushwa na dhoruba ya radi, na rubani alikuwa ameonywa akakaidi. Kesho yake simu zote zilikuwa na picha ya wingu jeusi, kilele chake kimetandazwa bapa kama fuawe la mhunzi, na maneno: dhoruba ya Kanyangi. Niliikuza picha hiyo kwenye simu yangu. Chini ya wingu kulikuwa na migomba na nyasi mbichi. Kanyangi wakati huo hapakuwa na jani bichi la kumpa mbuzi. Lakini nani alitazama nyasi? Watu waliandikiana kwamba usukani wa ndege si sufuria ya githeri. Wazee wa kanisa waliosimama kumpigia makofi sasa walisema walikuwa na wasiwasi naye tangu mwanzo.

Wanakijiji waliookota vipande vya ndege waliona mabati yenye matundu ambayo kingo zake zilipinda kuingia ndani, kama yaliyopigwa kutoka nje. Vipande vilikusanywa, na msemaji yule akasema matundu yalitobolewa na wauza vyuma chakavu. Nani alirusha kile kitu, na kwa nini, mpaka leo sijui, na sitawadanganya kwamba najua. Ninachojua ni anga ilivyokuwa.

Wiki ile alikuja Mkuu wa Kanda, bosi wangu, pamoja na mabwana wawili waliovaa suti ambao hawakujitambulisha. Walisoma ukurasa wa saa tatu. Mkuu wa Kanda alinivuta kando.

"Madam Ndinda, ni ukurasa mmoja tu. Tunauandika upya."

"Tunauandika upya kwa sababu ulikosewa?"

"Kwa sababu nchi inahitaji utulivu."

"Kama nilikosea, piga mstari mmoja, uandike juu yake, utie jina lako. Nafasi ipo."

Hakuweka jina lake. Mmoja wa wale mabwana alichukua daftari, akalitia kwenye mkoba. Niliomba hati ya kulipokea. Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomchekea mtoto. Mwezi haukuisha nikahamishiwa Kitui kwenye stoo ya mafaili, nikiwa na barua ya onyo kwamba mtumishi haruhusiwi kuzungumzia suala lililo mbele ya tume ya kuchunguza ajali.

Tume ilikaa kwenye ukumbi mmoja hapohapo Kitui. Niliitwa siku ya tatu. Wakili alinipa karatasi, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Ulifanana na wangu sana. Mawingu, mafungu manane. Ngurumo. Mvua kubwa. Chini, sahihi yangu.

"Huu si ukurasa wangu," nilisema.

"Shahidi, unaona sahihi ya nani?"

"Naona yangu. Sasa naomba na wewe usome vipimajoto. Kikavu kinasoma ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na chenye utambi?"

"Ishirini na moja."

Nilimweleza mwenyekiti nilichowaeleza nyinyi hapo juu. Nilimwambia kwamba hakuna dhoruba duniani inayoweza kufanya utambi uliolowa uwe na joto kuliko hewa, kwamba aliyeandika ukurasa ule hajawahi kufungua kisanduku kile maishani mwake. Watu walinong'ona. Mwenyekiti alisema imenakiliwa.

Ripoti ilipotoka, habari yangu ilikuwa mstari mmoja: ushahidi wa hali ya hewa unapingana, kwa hiyo haukutegemewa. Nililisoma neno lile, unapingana, mpaka macho yakaniwasha. Mimi nilisimama uwanjani nikahesabu anga. Wao walikaa mezani wakaibuni. Ripoti ikatuweka kwenye benchi moja kama majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Sababu ya ajali iliandikwa kuwa kosa la rubani, huenda likichangiwa na hali ya hewa.

Nina hasira nao, lakini kuna hasira nyingine ambayo ni yangu mwenyewe. Baada ya tume nilinyamaza. Nilikuwa na barua ya onyo na miaka miwili ya kumaliza kazi. Kila nilipokwenda nyumbani Matiliku nilimwona Mama Syombua kanisani, benchi la nyuma, peke yake. Mama Wavinya, ambaye mumewe mwalimu alifia kwenye ndege ile, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa mkono wake, na wengine wakafuata. Mimi nilimsalimia, nikamuuliza habari za machungwa. Sikumwambia nilichoona. Hakuna mstari ninaoweza kuipigia miaka ile miwili.

Nilistaafu Ijumaa. Jumapili, kanisani Matiliku, wakati wa matangazo, niliomba nafasi. Mchungaji alidhani nataka kushukuru kwa kumaliza kazi salama. Niliwasomea ukurasa wa saa tatu, ambao naujua kwa kichwa: fungu moja, upepo mdogo, mvua sifuri. Kisha nikawaambia juu ya moshi uliotoka ardhini.

Mama Wavinya alisimama.

"Mvua haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mwaitu."

"Na huyo msichana alifanya nini?"

"Ndege ilikuwa inaangukia soko. Aliigeuza. Aliipeleka mahali pasipokuwa na watu."

Mama Wavinya alikuwa bado amesimama. "Na wewe ulikuwa unayajua haya, ukinipita hapa kila mwezi."

 Aliokota mkoba wake na Biblia, akatembea hadi nyuma, akaketi kando ya Mama Syombua. Hawakukumbatiana. Mchungaji alitaka kuanzisha wimbo, mtu akamshika mkono.

Ripoti ile haijabadilishwa. Nimeandika barua nne na nitaandika ya tano. Vijana wa idara walinialika juzi niwahutubie juu ya uadilifu kazini, na mwalikaji akaniomba nisitaje mambo ya Kanyangi. Nilikataa kwenda. Siku hiyo nilikwenda kwa Mama Syombua, tukavuna mbaazi hadi saa sita. Mama Wavinya alikuwa amefika kabla yangu, na kikapu chake kilikuwa kimejaa.