Mkebe wa Udongo

Tulipoibiwa mtungi wa gesi hapa mtaani Jamhuri, Nairobi, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, mtu wa Kakamega mwenye huruma nyingi, alituletea dawa ya wezi: mtoto wa mbwa wa kiasi cha kiatu, macho yamejaa tongo, tumbo limemtangulia.

"Jirani, huyu akikomaa hakuna mwizi atapita hapa," alisema. Siku hiyo hiyo mlinzi wetu alimkimbia kuku.

Kuku hakunitia wasiwasi. Aliyenitia wasiwasi ni mama yangu. Tangu baba afariki anaishi nami, lakini Mombasa hajaitoa moyoni, na kwao mbwa hakufugwa. Alisimama mlangoni, akautengeneza mtandio, akatoa hukumu: mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, ila atalala nje, atakula nje, na mate yake yasimguse mtu. Yakigusa mkono au chombo, paoshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Hilo nililifahamu tangu chuoni, nikisomeshwa Kurani. Akaniagiza nijaze udongo kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akauweka kando ya bomba la uani kwa ajili ya dharura.

Nikajaza. Wiki iliyofuata nikaambiwa nijaze tena. Halafu tena. Mimi hushinda mjini dukani nikipima vitambaa, ya nyumbani siyajui, basi nikawalaumu kuku, nikaulaumu upepo, mwisho nikamshuku jirani.

"Huu udongo unaliwa na nani?" nilimuuliza mama.

"Nairobi hii kila kitu chaibwa," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Asubuhi moja kijibwa hakuja kuvizia kamba za viatu vyangu. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, anatapika, anahara, hata mkia hauinuki. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akatikisa kichwa.

"Hiyo ni parvo, ule ugonjwa wa mbwa wadogo. Zangu mbili zilienda hivyo hivyo. Chanjo alidungwa?"

"Moja. Nyingine bado."

"Basi poleni sana, jirani."

Nikapandwa na hasira. Mgonjwa anapumua, mtu ameshaanza kutoa rambirambi! Nikageuka nikidhani mama atasema bora tupumzike. Kumbe ameshavaa buibui, mkoba u kwapani.

"Washa gari," akasema. "Wangoja nini?"

Kliniki ilikuwa Lavington, mahali ambapo mbwa huletwa na dereva. Mbwa aliyekaa mbele yetu alikuwa amevaa sweta ya kufumwa. Mama alimkagua kuanzia masikio hadi kucha, akaninong'oneza, "Mbwa wa watu ana sweta, na mimi baridi ya Nairobi yaniua."

Daktari, msichana mpole, alimweka kijibwa mezani, akambonyeza tumbo.

"Amekuwa akikula nini?"

"Chakula cha mbwa, cha dukani," nikajibu kwa majivuno. Nilikuwa nimeusoma mfuko wake mzima.

Daktari akalitazama gazeti tulilombebea, ambalo kijibwa alikuwa amelitapikia njiani. "Na hizi mbaazi je?"

Nikamtazama mama. Mama akaitazama kalenda ukutani.

"Mama," nikasema.

"Alikuwa akinitazama," akasema. "Kila nikipakua, akaa pale mlangoni anitazama. Nikampa kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?" daktari akauliza.

"Kiasi cha mtu."

"Na nazi?"

"Tui zito. Hapendi jepesi."

"Vitunguu pia?"

"We mwanangu, mbaazi gani zapikwa bila kitunguu?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Akatueleza taratibu kwamba kitunguu huharibu damu ya mbwa, na mafuta ya nazi huvuruga tumbo dogo kama hilo. Ila parvo nayo lazima apime, kwa sababu chanjo haijakamilika. Akaondoka na kipimo chake.

Mama akaupakata mkoba wake. Kisha akasema, "Nimemuua mwenzangu." Sikujua kama mtu aweza kuwa mpweke hivyo ndani ya nyumba yangu, mimi nikiwa mjini napima vitambaa. Niliona haya, na nilimwombea kijibwa yule kama ndugu yangu.

Daktari akarudi. "Si parvo. Ni tumbo, na minyoo iko. Damu tutaangalia tena kesho juu ya hivyo vitunguu. Sahii tunamuwekea drip ya maji, lakini mtu amshike asitingishike."

Nikanyoosha mikono. Kijibwa akajipinda, akalia. Mama akanisukuma kando kwa kiwiko, akatoa kanga mkobani, akaitandaza mapajani.

"Mlete."

Sindano ikaingia. Kijibwa akatulia tuli, kisha akatoa ulimi akaanza kumlamba kiganja, akapanda mpaka kifundo cha mkono, bila haraka, kama aliyezoea. Daktari akamnyooshea mama glavu. Mama akatikisa kichwa.

"Mama, mate hayo," nikamkumbusha. "Mkebe uko nyumbani."

"Hauna kitu. Udongo uliisha jana," akasema, na mkono wake haukusogea. "Tukifika, nijazie ndoo."